Posho ya Mwamuzi: Historia ya Kuwalipa Raia Wanaoitwa Kuamua Kesi

Juri ni baraza la raia wa kawaida, wasio mahakimu wala mawakili, ambao mahakama huwaita kwa muda mfupi na kuwaapisha, wakasikiliza ushahidi, kisha wakaamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Vitabu vya sheria vimeandika mengi juu ya idadi ya wajumbe wa baraza hilo, juu ya namna wanavyopatikana, na juu ya ulazima wa uamuzi wao kuwa wa kauli moja. Lakini fedha wanazopewa kwa siku hizo, ziwe za nauli, za chakula au za kufidia kipato walichokikosa, kwa kawaida husukumwa hadi mwisho wa sura na kumalizwa kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba ni suala la karani wa masijala. Historia inaonyesha vingine. Kiwango cha fedha hizo, kuliko tamko lolote la katiba, ndicho kilichoamua ni nani hasa angeketi kwenye benchi, kwa sababu mtu anayekula kwa kibarua cha siku hawezi kuacha kazi wiki mbili akasikilize kesi ya wengine, hata kama sheria imemtaja kwa heshima miongoni mwa wanaostahili.

Kuna mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa katika mjadala huu. La kwanza ni ujira, yaani malipo yaliyo sawa kwa kila anayehudhuria, tajiri kwa maskini, bila kuulizwa amepoteza nini. La pili ni marejesho ya gharama, ambapo serikali humrudishia mtu alichotumia au alichokosa baada ya kuonyesha stakabadhi au barua ya mwajiri wake. Njia ya kwanza ilikuwa ya Athens ya kale, na ya pili ilikuja kuwa ya Uingereza ya karne ya 20. Kila moja ilileta watu wake mahakamani, na kila moja ilileta lawama zake.

Habari za Athens ndizo zilizohifadhiwa kwa kina zaidi. Mwaka 462 KK, Ephialtes na wafuasi wake waliliondolea baraza la Areopagus, lililokuwa la watu waliowahi kushika madaraka makuu ya mji, sehemu kubwa ya mamlaka yake, na kesi nyingi zikahamia kwenye mahakama za umma zilizoitwa dikasteria. Kila mwaka raia 6,000, wanaume waliotimiza umri wa miaka 30, walipatikana kwa kura ya bahati na kula kiapo, na kutoka kundi hilo yaliundwa mabaraza ambayo katika karne ya 4 KK yalikuwa na watu 201 au 401 kwa madai ya kibinafsi, na 501 au zaidi kwa mashtaka yaliyoigusa dola. Hapakuwa na jaji wa kuwaongoza katika sheria wala chumba cha kujadiliana faraghani; pande mbili zilizungumza kwa muda uliopimwa kwa saa ya maji, waamuzi wakapiga kura papo hapo, na shauri likaisha siku hiyo hiyo. Mfumo wa namna hiyo ulihitaji umati wa watu kila siku ya mahakama, na umati haupatikani kwa matajiri peke yao, kwani hata wote wangejitokeza wasingetosha kuzijaza benchi hizo.

Pericles ndiye aliyeanzisha malipo, katikati ya karne hiyo ya 5 KK. Kitabu cha Katiba ya Waathens, kilichotoka katika shule ya Aristotle, kinatoa sababu ya kisiasa: mpinzani wake, Cimon, alikuwa tajiri kupindukia, akiwalisha watu wa kitongoji chake na kuyaacha mashamba yake bila uzio ili mwenye kutaka achume matunda, na Pericles, ambaye mali yake haikuweza kushindana na ukarimu huo, alishauriwa awape watu kilicho chao wenyewe. Maelezo hayo yana harufu ya waandishi wasioupenda sana utawala wa umma, nayo yanaufanya uamuzi mzima uonekane kuwa hila ya kutafuta wafuasi. Hata hivyo yanafichua jambo kubwa kuliko lile lililokusudiwa. Aliyekula kwa Cimon alibaki na deni la shukrani kwa Cimon, ilhali aliyelipwa na hazina ya mji hakuwa na deni kwa mkubwa yeyote, na siku ambayo mkubwa huyo angeletwa mbele ya mahakama, tofauti kati ya watu hao wawili ingeonekana.

Kiwango cha awali kwa kawaida huelezwa kuwa oboli 2 kwa siku, na Cleon, mwanasiasa aliyevuma baada ya kifo cha Pericles, alikipandisha hadi oboli 3 mnamo mwaka 425 KK. Oboli ilikuwa sarafu ndogo ya madini ya fedha, na oboli 6 zilifanya drakma 1. Hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion, zilizochongwa kwenye mawe mwishoni mwa karne hiyo, zinaonyesha mafundi wakilipwa drakma 1 kwa siku. Kwa hiyo mwamuzi alipata nusu ya ujira wa fundi, kiasi kilichotosha kununua chakula cha nyumbani lakini kisichoweza kumwita seremala mwenye nguvu aache kazi yake. Walioitikia kwa wingi, kama tamthilia za wakati ule zinavyowachora, walikuwa wazee ambao mikono yao haikuweza tena kushika patasi, kasia au jembe.

Tamthilia mashuhuri kati ya hizo ni Nyigu ya Aristophanes, iliyochezwa mwaka 422 KK, ambamo mzee mpenda kesi anabishana na mwanawe mbele ya kundi la wazee wenzake waliovalishwa kama nyigu. Mwana anapiga hesabu mbele ya baba: waamuzi 6,000, kila mmoja oboli 3, siku za mahakama 300 kwa mwaka, jumla yake talenta 150 (talenta ilikuwa kipimo kikubwa cha fedha), wakati mapato yote ya dola yanakaribia talenta 2,000, na anauliza zilizobaki zinakwenda wapi kama si mifukoni mwa wanasiasa. Hesabu yenyewe ni sahihi, ingawa imejengwa juu ya dhana kwamba kila mwamuzi alikaa kila siku, jambo ambalo halikuwezekana, na mchekeshaji hakuwa mhasibu wa hazina. Zaidi ya tarakimu hizo, tamthilia imehifadhi mambo madogo ambayo mwanahistoria hayapati kwingine. Mzee anarudi jioni na sarafu zake ndani ya shavu, kama ilivyokuwa desturi ya watu kubeba sarafu ndogo mdomoni, na binti yake anamwosha miguu na kumbembeleza huku akizichokoa kwa ulimi. Anayechelewa baada ya ishara ya kufungua mahakama anarudi bila kitu. Na kwa kuwa waamuzi wawili waliweza kupewa drakma 1 wagawane, mjanja mmoja aliyekwenda kuivunja sokoni kwa wauza samaki alimtilia mwenzake magamba matatu ya samaki mkononi, naye akayatia mdomoni akidhani ni oboli zake.

Lawama hazikuishia jukwaani. Plato, katika majadiliano ya Gorgias, anamtia Socrates kinywani shutuma kwamba Pericles aliwafanya Waathens wawe wavivu, waoga, wapiga domo na wapenda fedha kwa kuwa wa kwanza kuwalipa. Katiba ya Waathens nayo inataja madai kwamba mahakama zilishuka hadhi kwa sababu watu wa hivi hivi ndio waliokimbilia kura ya bahati kuliko watu wa heshima, na kwamba baadaye ndipo ulipoanza uhongaji wa waamuzi, wa kwanza kuufanya akiwa Anytus, yule yule aliyekuja kuwa mmoja wa washtaki wa Socrates mwaka 399 KK. Hoja hiyo haina uzito inaodaiwa kuwa nao, kwani mfano wake mwenyewe unamtaja tajiri aliyetoa rushwa, naye alikuwa jemadari aliyekabiliwa na mashtaka, si mzee wa oboli 3. Pale wapinzani wa utawala wa umma waliposhika hatamu mwaka 411 KK, miongoni mwa mambo ya kwanza waliyofanya ni kufuta malipo ya shughuli za umma, na kitendo hicho kinaeleza vizuri zaidi kuliko falsafa yoyote kile walichokichukia katika oboli hizo: ziliwaingiza maskini ndani ya ukumbi.

Dola iliporudishwa mikononi mwa umma, Waathens hawakuacha malipo, waliyajengea utaratibu. Kila mwamuzi wa karne ya 4 KK alikuwa na kibao kidogo chenye jina lake, mara nyingi cha shaba, ambacho asubuhi kilitiwa kwenye jiwe lenye safu za mianya ili kura ya bahati iamue nani akae siku hiyo na katika mahakama ipi, hivyo kwamba hakuna mdaawa, yaani mtu mwenye shauri, aliyeweza kujua usiku uliotangulia nani wa kumhonga. Alipokwisha kupiga kura yake alipewa kipande cha shaba chenye alama ya hesabu ya 3, na kwa kukikabidhi kipande hicho ndipo alipopokea oboli zake, maana yake malipo yalifuata kazi na hakuna aliyechukua fedha kisha akatoroka. Vibao vya majina vimefukuliwa makaburini, ishara kwamba wapo waliozikwa na kibao cha uamuzi kama watu wengine wanavyozikwa na pete.

Udhaifu wa kweli wa mfumo huo ulikuwa mahali ambapo wakosoaji wake wa kale hawakupatazama sana. Sehemu ya fedha za kuwalipa waamuzi ilitokana na ada za kesi na faini, na katika hotuba za Lysias washtaki wanawaonya waamuzi kwamba wasipomtia mshtakiwa hatiani hazina itakosa cha kuwalipa. Mwamuzi anayejua kwamba posho yake ya kesho inategemea faini ya leo hayuko huru, hata awe mwadilifu kiasi gani. Na hazina ilipokauka kweli, mahakama zilisimama: Demosthenes, katika hotuba ya mwaka 348 KK au karibu na hapo, anataja kesi ambayo haikusikilizwa kwa kuwa fedha za waamuzi hazikuwapo. Aidha, wakati posho ya kuhudhuria mkutano mkuu wa raia, iliyoanza na oboli 1 baada ya mwaka 403 KK, ilipanda hadi drakma 1 na kwa mikutano mikuu oboli 9, posho ya mwamuzi ilibaki oboli 3 zile zile za Cleon hadi siku za Aristotle, karibu miaka 100, huku Isocrates akieleza kwa uchungu jinsi raia walivyosimama mbele ya mahakama wakingoja kura ya bahati iwape riziki ya siku. Haipasi pia kusahau kwamba ukarimu huo wote ulikuwa wa wanaume raia peke yao. Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwahi kupewa kibao.

Roma haikufuata njia hiyo. Ugomvi wake mkubwa kuhusu waamuzi, kuanzia sheria za Gaius Gracchus za mwaka 123 KK hadi ile ya Aurelius Cotta ya mwaka 70 KK, ulikuwa ni tabaka gani la matajiri likae, si namna ya kumwezesha maskini akae, kwa hiyo suala la malipo halikuwa na nafasi.

Uingereza ilifika kwenye juri kwa mlango mwingine kabisa, nao ni mlango wa amri ya mfalme. Mwaka 1166, kwa tangazo la Clarendon, Henry II aliagiza wanaume 12 wa kila wilaya ndogo na 4 wa kila kijiji waape na kuwataja watu wanaoshukiwa kwa uhalifu. Na mwaka 1215, Mtaguso wa Laterano ulipowakataza mapadre kushiriki katika majaribio ya moto na maji, ambayo ndiyo yaliyotumika kupima hatia, watu wale wa kiapo polepole wakageuka kuwa waamuzi wa hatia yenyewe. Asili hiyo ilikuwa na athari kwenye mfuko. Mwathens alikaa mahakamani akitumia mamlaka yake mwenyewe kama mwenye dola, na kwa hiyo aliona ni haki hazina yake imlipe; Mwingereza alikwenda kwa sababu ameitwa na mfalme, kama alivyoitwa vitani au kutengeneza daraja, na asiyekuja alitozwa faini. Kwa mtazamo huo kumlipa kungekuwa kumlipa mtu kwa kutii.

Hakuishia kutolipwa tu. Sheria ya kale ilitaka wajumbe 12 wakishaondoka kwenda kushauriana wafungiwe bila chakula, kinywaji wala moto hadi wakubaliane, na kesi ya mwaka 1670 ya wahubiri wawili wa madhehebu ya Quaker, William Penn na William Mead, imebaki kuwa mfano wake mkali: wajumbe walipokataa kuwatia hatiani kama jaji alivyotaka walifungiwa usiku na mchana bila chakula, kisha wakatozwa faini na kupelekwa gereza la Newgate, hadi mmoja wao, Edward Bushell, alipopeleka malalamiko yake mbele ya Jaji Mkuu John Vaughan, aliyeamua kwamba mjumbe wa juri haadhibiwi kwa uamuzi wake. Hukumu hiyo inasifiwa, na kwa haki, kuwa msingi wa uhuru wa juri. Ila ilimwachia Bushell na wenzake njaa ile ile. Ni sheria ya mwaka 1870 iliyoruhusu hatimaye wajumbe waliofungiwa waote moto na kula chakula cha kiasi, na hata hapo iliongeza kwamba watakula kwa gharama zao wenyewe.

Serikali isiyotaka kulipa ilipaswa kuwaita watu wanaoweza kumudu kutolipwa, na ndivyo ilivyofanywa. Sheria ya mwaka 1825, iliyosimamiwa na waziri Robert Peel, ilimtaka mjumbe awe na ardhi ya kumpa pauni 10 kwa mwaka, au upangaji wa muda mrefu wenye thamani ya pauni 20, au nyumba yenye kodi ya kiwango kilichowekwa, au nyumba yenye madirisha yasiyopungua 15. Sharti la madirisha linachekesha leo, lakini lilikuwa la busara kiutawala, kwa kuwa Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia mwaka 1696 hadi 1851 na watoza kodi walikuwa wameshayahesabu. Kwa kipimo hicho mfanyakazi wa kiwandani, mkulima wa kibarua na baharia walikaa nje, na hakuna aliyehitaji kuandika kwamba wamezuiwa.

Malipo yalikuwapo hata hivyo, ila yalikwenda kwa wasioyahitaji. Kwa kesi nzito za kibiashara na za kisiasa iliundwa juri maalumu, iliyojazwa wenye benki, wafanyabiashara wakubwa na mabwana wenye cheo, na kila mjumbe alipewa hadi gini 1, sawa na shilingi 21, na mdaawa aliyeiomba juri hiyo. Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa sheria, aliandika mwaka 1809 kitabu kizima cha kuishambulia desturi hiyo, ambacho kwa hofu ya mashtaka kilichapishwa mwaka 1821 tu, akionyesha kwamba palizuka kikosi cha watu waliofanya gini hizo kuwa riziki, wakijua kwamba anayeudhi serikali kwa uamuzi wake hataitwa tena. Hapa ndipo penye kejeli ya historia nzima: shutuma ile ile aliyotupiwa mzee wa Athens, kwamba fedha zimemnunua, ilimstahili zaidi bwana mwenye kofia ndefu, kwa sababu mzee alichaguliwa kwa bahati na kulipwa na umma, na bwana alichaguliwa na ofisa na kulipwa na upande mmoja wa kesi.

Sheria hiyo ya mwaka 1870 ilijaribu pia kuweka malipo kwa wajumbe, lakini kifungu hicho kilifutwa mwaka uliofuata, na suala likalala tena kwa zaidi ya miaka 70. Lilifufuliwa na serikali ya chama cha Labour ya Clement Attlee. Sheria ya Juri ya mwaka 1949 iliwapa wajumbe, kwa mara ya kwanza kama haki ya jumla, nauli, posho ya chakula na fidia ya kipato kilichopotea, kwa viwango vyenye ukomo, na sheria hiyo hiyo ilifuta juri maalumu isipokuwa katika Jiji la London. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, jambo linaloonyesha kwamba malipo ya juri hayakuwa hisani ya pekee ila sehemu ya fikra moja, kwamba haki ya kwenye karatasi isiyo na nauli haifiki mahakamani. Lakini sharti la mali halikuondolewa hadi mwaka 1974, ambapo orodha ya wapiga kura ikawa ndiyo orodha ya juri. Kwa robo karne, basi, Uingereza ilikuwa tayari kumlipa mjumbe maskini ambaye sheria ilikuwa bado haijamruhusu kuja.

Fidia ya kipato, tofauti na ujira, ina tatizo lake. Mwenye mshahara wa mwezi huleta barua ya mwajiri na hesabu yake iko wazi, lakini mama mwenye genge la mboga, fundi wa kujitegemea na dereva wa kukodi hawana barua, na kile wanachokipoteza kwa siku hakiandikwi popote. Mlezi wa watoto asiye na mshahara anaweza kuonekana, kwa mantiki ya fidia, kuwa hajapoteza kitu. Ukomo wa kiwango nao huwaumiza wenye kipato cha kati, ambao hurudishiwa sehemu tu.

Marekani, iliyorithi juri kutoka Uingereza na kuiandika katika katiba yake, ilichagua posho ndogo iliyo sawa kwa wote, na matokeo yake yalifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1946 katika kesi ya Thiel dhidi ya kampuni ya reli ya Southern Pacific. Maofisa wa mahakama ya shirikisho mjini San Francisco walikuwa wakiwaacha kwa makusudi watu wote wanaolipwa kwa siku, kwa hoja kwamba posho ya dola 4 ingewaumiza na jaji angewaruhusu waondoke vyovyote. Mahakama Kuu, kwa kalamu ya Jaji Frank Murphy, ilikataa: mtu mmoja mmoja anaweza kusamehewa kwa shida yake, lakini kulifuta tabaka zima la wafanyakazi ni kuigeuza juri kuwa chombo cha wenye nacho. Uamuzi huo ulikuwa mzuri na haukupandisha posho hata senti moja. Mahakama za shirikisho zililipa dola 40 kwa siku kuanzia mwaka 1990 hadi 2018, zilipopanda kuwa 50, na katika miaka hiyo 28 bei za vitu hazikungoja. Massachusetts na Colorado zilijaribu njia nyingine, ya kumtaka mwajiri aendelee kulipa mshahara kwa siku 3 za mwanzo na serikali ichukue mzigo kuanzia siku ya nne. Na San Francisco, mji ule ule wa kesi ya Thiel, ilianza mwaka 2022 mpango wa majaribio wa kuwapa wajumbe wenye kipato kidogo dola 100 kwa siku.

Afrika Mashariki iliipokea juri kwa nusu tu. Katika Koloni la Kenya haki ya kusikilizwa na juri ilikuwa ya mshtakiwa Mzungu, na walioketi walikuwa Wazungu wenzake. Ndiyo juri iliyomwachia Sir Jock Delves Broughton mwaka 1941 katika kesi ya mauaji ya Lord Erroll, na ndiyo pia iliyomtia hatiani Peter Poole, aliyenyongwa mwaka 1960 kwa kumuua Mwafrika. Rangi ya ngozi ilifanya Nairobi kazi ambayo madirisha 15 yaliifanya Uingereza. Mshtakiwa Mwafrika alisikilizwa na jaji aliyesaidiwa na washauri wa mahakama, ambao walitoa maoni yao kwa mdomo bila jaji kulazimika kuyafuata, kama ilivyokuwa Nyeri mwaka 1956 katika kesi ya Dedan Kimathi, aliyesikilizwa na Jaji Mkuu Kenneth O'Connor akiwa na washauri 3 Waafrika.

Kabla ya mahakama hizo, wazee wa eneo hili hawakuamua bure. Miongoni mwa Wakikuyu, baraza la wazee lililoitwa kiama lilisikiliza mashauri ya ardhi, mahari na madeni, na wenye shauri walitoa mbuzi au kondoo, ambao walichinjwa na kuliwa na wazee waliokaa. Malipo hayo yalikuwa na heshima yake, kwani mzee aliyeshinda juani akisikiliza ugomvi wa wengine hakurudi nyumbani na njaa. Lakini yalitoka kwa wadaawa, si kwa hazina ya pamoja, na asiye na mbuzi alikuwa na kazi ya kumtafuta kabla ya kuitafuta haki yake.

Baada ya uhuru, Tanzania ndiyo iliyompa mzee wa baraza, yaani mshauri wa mahakama, nafasi iliyomkaribia zaidi mwamuzi wa kweli. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilitaka mahakama ya mwanzo ikae na washauri wasiopungua 2, na mambo yote, kuanzia dhamana hadi hatia na adhabu, yaamuliwe kwa wingi wa kura za hakimu na washauri hao, hivyo kwamba wazee wawili waliweza kumshinda hakimu kwa kura. Mamlaka hayo yalikuwa makubwa kuliko ya mshauri yeyote wa enzi ya ukoloni, na yalikabidhiwa kwa watu ambao manung'uniko yao juu ya posho ndogo au iliyochelewa yamesikika mara kwa mara. Kenya ilichukua njia nyingine na kuwafuta washauri katika kesi za jinai mwaka 2007, ikimwachia jaji peke yake uamuzi wa hatia.

Wanaopendekeza leo kumrudisha raia kwenye benchi, au kumdumisha pale alipo, waanze na kifungu cha bajeti. Kiwango cha posho, chanzo chake kisichotegemea faini, na siku ya kuilipa viandikwe ndani ya sheria yenyewe badala ya kuachiwa waraka wa wizara, pamoja na sharti la kukipitia upya kiwango hicho kila baada ya miaka michache, ili kisibaki pale pale kama oboli 3 za Cleon.